Shada la Tumsifu

Kwenye ndaki ya wanafunzi bora pale chuo kikuu, mwanafunzi akifariki, sauti yake hutiwa kwenye mashine imalizie masomo. Tumsifu wangu alifariki akiwa mwaka wa pili. Tangu hapo sauti yake ilinipigia kila Jumapili: "Shikamoo mama. Umekula?" Nilijua si yeye, lakini nikaitikia marahaba.

Kisha mlezi wao, Dokta Kihwelo, akanieleza kwamba sauti ikihitimu huchukuliwa na mwajiri, na simu za nyumbani hukoma. Basi nikaanza kumwomba Mungu mwanangu afeli. Wakati wa mitihani nilimpigia kutwa nzima, nikimsimulia umbea wa mtaani ili asisome. Mjinga mimi, mashine inasoma saa ngapi?

Siku ya mahafali wenzake waliimba, wakacheza, wakamlilia. Nilikuwa nimeleta shada la maua. Sikuona shingo ya kuivisha, nikalilaza kwenye kiti chenye spika yake.

"Daraja la kwanza, mama! Hongera sana," Dokta Kihwelo akanipa mkono.

Spika ikauliza, "Mama, mbona hupigi vigelegele?"

Nikapiga. Nilipiga mpaka walipoizima.