Ushahidi Chini ya Mti wa Bundi

Panya wa kondeni alikuwa na majivuno marefu kuliko mkia wake. Alishikilia kwamba ukoo wake ndio mkubwa kupita wote, kwa hiyo uchifu ni wake. Kirukanjia, jirani yake mdogo anayenuka, akamtaka ushahidi.

Panya akampeleka chini ya mti wa Bundi, akapasua madonge ya manyoya na mifupa ambayo Bundi huyatapika akisha kula.

“Mafuvu yote haya ni ya kwetu,” akatamba. “La kwenu liko wapi?”

“Halimo, mheshimiwa,” Kirukanjia akajibu, akirudi nyuma taratibu. “Sisi tuko nyumbani.”

Panya akapanda juu ya rundo ili aonekane vizuri. Bundi akamwona vizuri.

Kesho yake likadondoka donge jipya, na ushahidi wa Panya ukaongezeka fuvu moja.