Redio ya Kinyozi

Wiki nzima Shekue kinyozi alisoma kitabu cha kuazima na kuwauliza mafundi redio maswali mpaka wakamchoka. Leo aliwaletea redio aliyoiunda ndani ya kopo la maziwa. Ikisema, watampa nafasi kwenye benchi lao.

Akawasha. Kimya.

“Rudi kwenye vipara vyako, bwana!” akacheka Fundi Zuhura.

Damu ikamchemka Shekue. Akainama, akachungulia. Lo! Transista, kile kidude cha miguu mitatu, alikifunga kinyume. Akanyakua chuma cha kulehemu, akakigeuza kile kidude.

Kopo likakohoa. Kisha akasikika mwanamke akizungumza kwa lugha asiyoijua mtu yeyote pale.

Zuhura akajisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi. Shekue hakumwona. Alikuwa ameliinua kopo hadi sikioni, akiitikia, “Naam, mama. Naam.”