Ndugu Yangu wa Hewani

Mtafiti alikuwa akisoma meseji zilizovuja kutoka kituo cha ushauri wa ndoa, akichunguza jinsi watu wanavyoomba msaada, alipokutana na maneno haya: "Ndugu yangu wa hewani, nimechoka kujichekesha."

Majina na namba za simu alikuwa ameshafuta. Lakini ni mtu mmoja tu aliyemwita hivyo kila aliyeongea naye kwenye simu. Shangazi yake.

Kidole kikaganda juu ya kitufe cha kufungua meseji inayofuata. Shangazi, mcheshi wa ukoo mzima, amechoshwa na nini? Alitamani sana kujua.

Akafunika kompyuta, akaenda kwa msimamizi wake.

"Profesa, nimemkuta shangazi yangu kwenye zile meseji."

"Si ulifuta majina?"

"Yote. Nimemjua kwa anavyoongea. Na wengine watajulikana hivyohivyo. Naomba tuziache, tutafute watu watakaokubali wenyewe."

Profesa alizungusha pete yake ya ndoa kidoleni. Kisha akainuka, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini:

"Umeshasoma hadi wapi?"