Mtambo wa Gesti ya Adolfu

"Fundi, acha kunizungusha! Mke wangu yuko chumba gani?"

Adolfu alikuwa amemkaba Enock kola ya shati, palepale mapokezi, kompyuta ikiwa wazi mbele yao. Kwenye kioo, katikati ya majina ya simu za wageni, kulikuwa na jina moja ambalo siku hiyo halikupaswa kuonekana pale gesti, mtaani Chanji: Bertha wa Adolfu. Jina hilo Adolfu aliliandika kwa mkono wake siku alipomnunulia mkewe simu. Ana wivu mtu huyu, usipime!

"Mama si yuko Kabwe ziwani, bosi?" Enock alisema. "Si alifuata samaki, migebuka?"

"Ndivyo alivyoniaga jana. Haya sema, yuko chumba gani?"

"Bado inatafuta. Mtambo mpya huu, sijamaliza kuupanga."

Na kweli alikuwa hajamaliza. Wiki nzima alikuwa pale gesti, kapewa chumba kiitwacho Muze alale bure, akifunga kifaa cha waifai kila chumba na kuviingiza vyote kwenye programu moja. Adolfu alitaka akae kwenye kiti kimoja aone kila kitu: simu ipi imeingia na iko chumba gani. Tena vyumba vyake havina namba, kavipa majina ya vijiji: Laela, Muze, Mtowisa, Kasanga. Enock ikabidi aandike jina la chumba kwenye kila kifaa, kimoja kimoja. Leo bosi alitakiwa awe shambani kwenye ulezi. Akatokea mchana na mabuti yake ya matope, eti aonyeshwe mtambo unavyofanya kazi.

"Ikimaliza kutafuta nitakuwa nimerudi," Adolfu alisema, akamwachia kola.

Akaelekea jikoni. Panga la kuchanjia kuni hukaa nyuma ya mlango wa jikoni, hakuna asiyejua pale gesti.

Mungu wangu! Enock alibaki peke yake na kompyuta, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kope. Adolfu akipandwa na hasira hasikii la mtu. Angemkata yule mama vipande, na yeyote atakayemkuta naye. Enock aliandika, akafuta, akaandika tena. Mabuti yakasikika yanarudi.

"Haya?"

Enock akamgeuzia kioo. "Laela," alisema kwa sauti ya chini. "Bosi, nakuomba, weka hilo panga chini. Mzungumze."

Azungumze wapi! Teke la kwanza lilipasua mlango wa Laela, la pili likaung'oa. Kitandani alilala Limbu, mnunuzi wa ng'ombe, kifua wazi, akikoroma. Enock alipigwa na butwaa. Asubuhi alimwona kwa macho yake akienda mnadani, wala hakujua kama amerudi.

"Yuko wapi?" Ubapa wa panga ulitua usoni kwa Limbu kabla hajafumbua macho.

"Nani? Nani, jamani?"

Pigo la pili lilivunja kitu mkononi, ukasikika mlio. Limbu alinguruma, akashika fimbo yake ya mnadani kwa mkono mzima, akamtandika Adolfu shavuni. Wakakumbatiana kwa chuki, wakaangusha meza, wakaangukia vioo vya dirisha. Damu ilichora ukuta. Adolfu akawa juu. Safari hii panga alilinyanyua kwa makali.

Enock akaruka. Aliudaka mkono wa bosi wake kwa mikono yote miwili, akauning'inia. "Si yeye!" alipiga kelele. "Bosi, si yeye, utaua mtu bure!"

Kiwiko kilimpata mdomoni, jino likatoka. Hakuachia.

"Angalia chumbani kwanza! Mwanamke yuko wapi?"

Adolfu akageuka akihema. Alichungulia uvunguni, akavuta pazia, akafungua kabati. Kulikuwa na koti la Limbu na viatu vyake, basi. Akamburuta Enock mpaka mapokezi. Jina la Bertha halikuwepo tena kwenye kioo.

"Ni mimi, bosi," Enock alisema, akitema damu. "Nimekosea kupanga. Mama alishawahi kuunganisha simu yake hapa, jina la zamani likajitokeza. Nipige mimi."

Adolfu alimpiga. Kofi moja tu, halafu mkono ukamlegea. Akampigia mkewe, simu haipatikani. "Kabwe huko mtandao shida," alijisemea, kisha akakaa chini sakafuni, jitu zima, akalia kwa sauti.

"Mama watoto wangu yuko ziwani ananihangaikia, mimi huku naua watu. Maria Mtakatifu!"

Alimbeba Limbu mgongoni mpaka kwenye gari. "Nisamehe, ndugu yangu," alikuwa akirudia, na Limbu akimtukana kwa Kisukuma njia nzima. Kabla ya kuwasha gari alimtazama Enock, macho mekundu. "Wewe kijana umeniokoa nisiende jela. Sitakusahau."

Gari lilipoishia barabarani, Enock alirudi mezani, damu ikidondokea vibonyezo. Alifungua programu. Kifaa kilichoandikwa Laela akakirudishia jina lake, Muze. Kilichoandikwa Muze akakirudishia Laela.

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akafungua chumba chake.

"Bertha, vaa upesi," alisema. "Pitia sokoni ununue migebuka."