Ilimba Iliyonyooshwa

Siku hizi kila mtoto hutiwa kifaa sikioni kabla hajatoka hospitali, kifaa kinachonyoosha muziki wowote ufuate mpango mmoja wa sauti, ule wa dunia nzima. Eti kunyoosha! Nani aliwaambia tumepinda? Mimi ni wa zamani, masikio yangu ni matupu. Binti yangu Sechelela anacho.

Amekua nikimpigia ilimba, ala yetu ya vyuma vya kubonyezwa kwa vidole gumba, hapa Chamwino, naye anacheza na kupiga makofi. Nilijidanganya kwamba tunasikia wimbo mmoja.

Juzi kifaa chake kiliharibika. Nilipoanza kupiga, akanitazama kwa huruma.

"Pole, baba. Kumbe imeharibika hivi na hukuniambia?"

"Haijaharibika, mama. Sisi Wagogo ndivyo tunavyoipanga."

Akatabasamu, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Jana nilirudi kutoka shambani nikamkuta ameshika nyundo ndogo. Alikuwa amegonga vyuma vya ilimba kimoja kimoja, mpaka vikalingana na sauti zilizonyooshwa za simu yake.

"Nilitaka nikufanyie sapraizi," akasema. "Hebu piga."

Nikapiga. Ilitoa sauti safi, kama ya dukani. Ningeirudisha ilivyokuwa, lakini miaka yote nilikuwa naipanga kwa kufuata sauti ya mama yangu akiimba, na mama tulimzika mwaka jana. Tulimrekodi. Simu nayo imeinyoosha sauti yake.

"Tamu, eh?" Sechelela akauliza, macho yanamng'aa.

"Asante, mama," nikasema, nikaendelea kupiga wimbo nisioujua.