Dakika Arobaini na Mbili

Mjinga wa siku ile alikuwa Delmar, na mwenyewe hakatai. Nani alimtuma abandike nembo ya chuo kikuu cha jimbo lao, Iowa, kwenye kioo cha nyuma cha gari kabla binti yake hajachagua?

Sasa alikuwa ameinama pale uani, akiikwangua kwa wembe. Karatasi ilitoka vipande vipande, gundi ikang'ang'ania. Binti alisimama kando yake, simu mkononi. Asubuhi hiyo alikuwa amethibitisha nafasi yake katika chuo cha serikali cha Montana, safari ya siku mbili kwa gari.

"Montana!" alisema Delmar. "Unaenda kusoma na dubu?"

"Dubu hawabandiki vitu kabla ya kuulizwa, Baba."

Delmar alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Huko wewe mgeni, ada yako mara mbili ya wenyeji."

"Nitafanya kazi."

"Chuo cha hapa Iowa ni dakika arobaini na mbili tu kutoka nyumbani. Nimeipita ile barabara mara tatu, nikipima kwa saa. Ningekuja kila Jumamosi tule pamoja. Tangu mama yako atutoke tumebaki wawili tu, mwanangu. Hata theluji ianguke, ningekuja!"

Binti aliuchukua wembe mkononi mwa baba, taratibu.

"Mama alilazwa miezi minne, dakika kumi kutoka hapa," alisema. "Ulikuja kumwona mara mbili."