Kocha wa Jeddah

Peris aliegemeza simu kwenye beseni la nguo, akashika mpini wa mopu kwa mikono miwili, akainama.

"Mnaona mkono wa juu? Ulegezeni. Mpira ukija usiupige, upokee, kama unavyopokea yai. Halafu zunguka, kimbia!" Akazunguka mwenyewe katikati ya mashuka yaliyoanikwa juu ya paa. Goti likamlia, akajikaza.

"Beris!" Madam aliita kutoka chini. "Yalla, Beris!"

Miaka miwili katika nyumba ile ya mtaa wa Al-Hamra, na P bado iliwashinda. Alituma video kwa timu yake kule Kenya, akashuka ngazi. Tangu alfajiri alikuwa ameosha vyoo sita, na viwili vilikuwa vikimngoja.

Nyumbani, katika chuo kimoja cha ualimu upande wa Vihiga, Peris alikuwa kocha wa lakrosi ya wanawake, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani. Watu walimcheka, wakauliza kama wasichana wake wanakwenda kuvua samaki. Akawafundisha hivyo hivyo. Kisha akaja ajenti, mtu wa suti na maneno matamu, akasema kuna chuo cha wasichana Jeddah kinatafuta kocha. Peris akasaini. Kumbe kazi yenyewe ni mopu.

Aibu ni kitu kibaya, jamani. Badala ya kusema ukweli, alifanya upumbavu mmoja. Siku binti wa madam alipompeleka chuoni kwake kumbebea mizigo, alipita kwenye ukumbi wa michezo, akavaa filimbi yake ya zamani shingoni, akajipiga picha na kuituma kwa timu. Chini yake akaandika: "Kazini."

Wasichana walipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Tangu siku hiyo walicheza kama waliotiwa pilipili. Timu iliyokuwa ikifungwa mpaka waamuzi wanaihurumia, sasa ikafika fainali.

"Kocha, huko hamtaki wachezaji?" aliuliza Beverly, nahodha wao, kwa simu.

"Shindeni fainali kwanza," Peris alijibu huku akipiga pasi kanzu za baba mwenye nyumba. "Mkishinda, nitawaita wote!" Akacheka.

"Sawa, Kocha. Tumesikia."

Cliff, dereva wa nyumba ile, Mkenya mwenzake, alikuwa mlangoni akingoja kanzu. "Siz, waambie ukweli. Njia ya mwongo ni fupi."

"Wakijua sasa watavunjika moyo. Wacha wamalize msimu."

"Na wakimaliza?"

"Nitawaambia. Haki ya Mungu, nitawaambia."

Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka kila jambo zito huliona ni la kesho.

Wiki zile habari za nyumbani ndizo zilizomshikilia. Wachezaji wote kumi na wawili walipimwa hospitalini, hakuna mgonjwa hata mmoja. Afadhali, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wapimwe magoti. Paspoti nazo zikatoka. Vizuri, bingwa angekwenda Kampala kucheza na vyuo vya huko. Hata Kiarabu wakaanza kumtania nacho. "Yalla, Kocha! Halas, Kocha!" Alicheka mpaka madam akachungulia jikoni.

Jumamosi walishinda, mabao tisa kwa manane. Peris alizipata habari akiwa amejifungia stoo ya sabuni, akauma kitambaa cha kichwa asipige kelele. Alifurahi, kisha akaikumbuka ahadi yake kwa Cliff. Msimu ulikuwa umekwisha.

Jumatatu, saa nne asubuhi, akapanda tena paani na kurekodi, safari hii sauti tu.

"Beverly, wasikilizishe wenzako. Wanangu, mimi si kocha huku. Ninaosha vyoo. Paspoti yangu anakaa nayo kafili, yaani mwajiri wangu, na siwezi hata kutoka nje ya geti bila ruhusa. Ajenti alinidanganya, nami nikawadanganya nyinyi. Malizeni chuo muwe walimu. Mtu yeyote akija na maneno ya Saudia, mkimbieni. Nisameheni."

Akatuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alivuta pumzi ikafika chini.

Lakini ujumbe ukabaki na alama moja tu. Haujafika. Adhuhuri, alama moja. Alasiri, moja. Na kile kipaza sauti kidogo pembeni, kinachogeuka buluu mtu akishasikiliza, kilikuwa kijivu vilevile.

"Labda stima zimepotea," alimwambia Cliff. "Au wako njiani, wanakwenda Kampala."

"Utafika tu. La muhimu umesema, siz. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi."

Jumanne asubuhi alikuwa akipanga vikombe vya kahawa vya wageni wa madam simu ilipotetemeka mfukoni. Alama zimekuwa mbili. Kabla hajaweka chini kikombe, picha ikaingia.

Wasichana kumi na wawili, wote ndani ya mabuibui mapya meusi, fimbo zao za lakrosi mgongoni. Beverly yuko mbele, anacheka, ameinua karatasi ya tangazo la ajenti. Katikati ya karatasi ni picha ya Peris na filimbi yake shingoni.

"Kocha, tumeshinda, na tumekuja! Tumetua Riyadh, tuko ofisini kwa ajenti, paspoti wameshazichukua wakaziandikishe. Wanatuleta lini huko Jeddah kwa timu yako? Ngoja kwanza, naona umetutumia ujumbe."

Kipaza sauti kidogo kikageuka buluu.